Jaribio Limepita, Lakini kwa Mashine ya Nani?

Kwa takriban miaka tisa, moja ya majaribio ya kumbukumbu yanayokuja pamoja na kerneli ya Linux lilikuwa na tabia ya ajabu: likishindwa kabisa, linajipa alama za juu kuliko zote. Linaitwa compaction_test, na liliingizwa mwaka 2015. Kazi yake ni kuivuruga RAM makusudi. Hushika vipande vya megabaiti 100 kila kimoja hadi kujaza asilimia 80 ya nafasi iliyo wazi, kisha huachia kimoja kati ya kila viwili, na hapo ndipo huidai kerneli ikusanye nafasi zilizotawanyika ziwe kurasa kubwa. Ukurasa wa kawaida wa kumbukumbu ni kilobaiti 4. Ukurasa mkubwa kwenye prosesa za Intel na AMD ni megabaiti 2, yaani kurasa 512 za kawaida zilizokaa mfululizo bila pengo. Mwisho wa yote jaribio hugawa ile asilimia 80 ya kumbukumbu iliyokuwa wazi kwa kiasi kilichopatikana katika kurasa kubwa. Jawabu likiwa 3 au chini ya hapo, maana yake ni kwamba angalau theluthi imekusanyika, na jaribio limefaulu.

Je, kerneli isipopata hata ukurasa mkubwa mmoja? Hapo programu ilikuwa ikigawa kwa sifuri. Prosesa ya Intel au AMD hukataa, programu huuawa papo hapo, na aliyeketi mbele ya kioo anajua kuna jambo. Prosesa ya Arm ya biti 64 haikatai. Ukiiambia igawe kwa sifuri inakurudishia sifuri, kimya kimya, na inaendelea na safari. Sifuri ni ndogo kuliko 3, kwa hiyo jaribio lilikuwa likiandika kwamba mambo ni shwari.

Mei 2024 mhandisi mmoja wa kampuni ya Arm alituma mfululizo mfupi wa viraka kurekebisha hali hiyo. Kile cha sifuri ni mistari michache: kabla ya kugawa, tazama kama idadi ya kurasa kubwa ni sifuri, ikiwa ni sifuri, toa taarifa ya kosa na uondoke. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuiandika. Kinachostahili kufikiriwa ni kwa nini haikuandikwa mapema, na nani alikuwa na nafasi nzuri ya kuiona. Jibu langu litawashangaza wanaodhani kazi hii ni ya maabara za California peke yake. Nadhani kompyuta chakavu za Arusha zina sifa ya kufanya ukaguzi wa aina hii ambayo maabara tajiri hazina, na sifa yenyewe ni uchakavu wake.

Tuanze na kwa nini jambo hili limhusu mtu wa hapa. Simu karibu zote zinazouzwa kwenye maduka ya kuanzia Mnara wa Saa kushuka hadi Soko Kuu ni za Android, Android imesimama juu ya kerneli ya Linux, na prosesa zake ni za jamii ya Arm. Nyingi kati ya zile za bei nafuu zina RAM ya gigabaiti 2 au 3. Mwenye genge kwenye soko la Kilombero anafungua programu ya benki, anaingiza namba ya siri, anapokea ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya mzigo, anaitazama, anarudi benki na kukuta programu imeanza upya inamdai namba ya siri tena. Watu wengi husema simu imechoka, ingawa haijachoka hata kidogo. Kumbukumbu ilibana, mfumo ukaamua nani atolewe, na programu ya benki ikawa ndiyo iliyotolewa.

Uamuzi huo una historia ndefu. Zamani Android ilikuwa na kiuaji chake cha programu ndani ya kerneli yenyewe. Mwaka 2017, katika toleo la 4.12, kiliondolewa, na kazi ikahamishiwa kwa programu ya nje ya kerneli inayosoma dalili za msongamano kutoka ndani. Mwaka 2022, toleo la 6.1 liliingiza njia mpya ya kupanga kurasa kwa vizazi, ili kerneli ijue vizuri zaidi ni kurasa zipi hazijaguswa kwa muda mrefu. Iliandikwa na mhandisi wa Google, na simu za Android zilikuwa kati ya mashine za kwanza kunufaika nayo. Kila badiliko la namna hii hatimaye linafika mfukoni mwa yule mwenye genge, na kati ya vyombo vinavyotakiwa kusema kama badiliko limeharibu kitu ni mkusanyiko wa programu ndogo ndogo uliomo kwenye folda ya tools/testing/selftests/mm, ambayo hadi mwaka 2023 ilikuwa ikiitwa vm. Programu hizo zikidanganya, kila mtu anayezitegemea anajenga juu ya mchanga.

Sasa tukitazame kiraka chenyewe kwa karibu, maana watu husema "kukipitia kiraka" kama vile ni kutazama tu kama mabano yamefungwa. Mabano ni kazi ya mashine. Kuna hati iitwayo checkpatch.pl inayokagua nafasi, urefu wa mistari na makosa ya namna hiyo, na mtu hana sababu ya kushindana nayo. Kiraka ni faili la maandishi: juu kuna maelezo ya aliyekiandika, chini kuna mistari yenye alama ya kutoa inayofutwa na yenye alama ya kujumlisha inayoingizwa. Kati yake kuna mistari ya dhamana. "Fixes" hutaja ni badiliko gani la zamani lililoleta kasoro. Kwa kisa chetu, lile la 2015. "Signed-off-by" ni kiapo kwamba unayo haki ya kutoa msimbo huo, na kilianza mwaka 2004 baada ya kesi ya kampuni ya SCO kuwatia watu wasiwasi juu ya asili ya msimbo wa Linux. "Reviewed-by" na "Tested-by" ni za wale walioangalia na waliojaribu. Mkaguzi mzuri huanza kwenye maelezo, halafu ndipo anashuka kwenye msimbo, kwa sababu swali la kwanza ni kama tatizo linalodaiwa lipo kweli.

Mfululizo ule wa 2024 ulikuwa na mambo mengine mawili ambayo, kwa maoni yangu, yana mafunzo zaidi kuliko ile sifuri.

La kwanza ni hili. Ili kuanza upya, jaribio lilitakiwa kwanza kusoma idadi ya kurasa kubwa zilizowekwa kwenye mashine, liitunze, kisha liandike sifuri kwenye faili lilelile, yaani /proc/sys/vm/nr_hugepages. Lilisoma sawasawa, likaandika, kerneli ikajibu kwamba maandishi yamepokelewa. Kumbe hakuna kilichobadilika. Baada ya kusoma, mahali pa kuandikia palikuwa pamesogea mbele, na kerneli kwa mafaili ya aina hii hupuuza maandishi yasiyoanzia mwanzo kabisa, bila kurudisha kosa. Mwandishi wa jaribio alikagua jibu la uandishi, akaona ni zuri, akaendelea. Dawa yake ni mwito mmoja wa lseek wa kurudi mwanzoni. Ukiusoma msimbo wa zamani kwa macho tu, hutaona tatizo hata ukitumia mchana kutwa, kwa sababu kila mstari peke yake uko sahihi na hata ukaguzi wa makosa umefanywa. Unaliona siku unapofungua faili lenyewe katikati ya jaribio ukakuta namba ni ileile ya mwanzo.

La pili ni hesabu. Jaribio linachukua asilimia 80 tu ya nafasi iliyo wazi ili kerneli isije ikaishiwa na kuanza kuua programu. Chukua mashine yenye gigabaiti 4 zilizo wazi na bila ukurasa mkubwa wowote uliotengwa: jaribio litatumia gigabaiti 3.2. Sasa chukua mashine hiyohiyo ambayo mtu alishatenga gigabaiti 1 ya kurasa kubwa kwa kazi nyingine. Zilizobaki wazi ni 3, asilimia 80 yake ni 2.4, ongeza ile 1 iliyokwisha kushikwa, jumla 3.4. Kinga iliyowekwa kwa nia njema imesogea karibu zaidi na hatari. Hoja hii ya kihesabu iliandikwa ndani ya maelezo ya kiraka, na ndiyo iliyokipa uzito, kwa sababu inamwezesha msomaji kukubali au kukataa bila kulazimika kumwamini mtu. Ninapoona kiraka chenye maelezo ya "rekebisha jaribio" na basi, huwa nashuku hata kabla ya kushuka chini.

Mwaka 2025 jaribio lilelile likaleta kesi nyingine, safari hii kutoka upande wa pili wa mizani. Kwenye seva yenye RAM ya terabaiti 1, lilianza kusema kerneli imeshindwa wakati kerneli ilikuwa nzima. Chanzo kilikuwa namba iliyoandikwa ndani yake tangu mwanzo: jaribio liliomba kurasa kubwa 100,000, si zaidi. Kwa megabaiti 2 kila mmoja hiyo ni takriban gigabaiti 200. Mashine ikiwa na nafasi iliyo wazi inayozidi gigabaiti 750 hivi, hata kerneli ikitoa kila ukurasa ulioombwa, gigabaiti 200 haziwezi kufika theluthi ya ile asilimia 80. Jaribio lilikuwa limejiwekea mtihani ambao halina njia ya kuufaulu. Dawa ilikuwa kuiacha idadi ifuate ukubwa wa mashine.

Weka kesi hii pamoja na ile ya sifuri. Kwenye mashine inayokosa kila kitu, jaribio lilisema kheri. Kwenye mashine yenye kila kitu, lilipiga yowe. Katikati, kwenye kompyuta ya ukubwa wa wastani ya mwaka 2015, lilifanya kazi barabara. Kila jaribio la kumbukumbu limebeba ndani yake sura ya mashine ya aliyeliandika: ina RAM kiasi gani, ukurasa wake una ukubwa gani, imewashwa tangu lini, nani mwingine anaitumia. Sura hiyo haiandikwi popote. Inajificha kwenye namba kama 100,000, au 4096, au kwenye dhana kwamba kurasa kubwa zitapatikana tu. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza juu ya kiraka kidogo cha majaribio ni kama kitafanya kazi kwenye mashine isiyofanana na ya mwandishi.

Hiyo 4096 inastahili aya yake. Ni ukubwa wa ukurasa kwa baiti kwenye Intel na AMD, na watu wameizoea kiasi cha kuiandika mkono ukiwa unaongoza wenyewe. Arm ya biti 64 inaruhusu kurasa za kilobaiti 4, 16 au 64. Kerneli ikijengwa kwa kurasa za kilobaiti 64, ukurasa mkubwa wa kawaida unaruka kutoka megabaiti 2 hadi megabaiti 512. Kwenye laptopu yenye gigabaiti 4, jaribio linaloomba kurasa kubwa nane limeomba RAM yote. Wala hili si jambo la nadharia tena. Android 15, ya mwaka 2024, ilianza kukubali kurasa za kilobaiti 16, na Google imewataka watengenezaji wa programu wanaolenga matoleo hayo mapya waziandae kwa ajili ya ukubwa huo kuanzia Novemba 2025. Majaribio yanayodhani 4096 yatapita au kuanguka kwa sababu zisizohusiana na kinachopimwa. Dawa inajulikana: uliza mfumo ukubwa wa ukurasa wakati programu inaendeshwa. Hata hivyo, akiichambua folda ile, mkaguzi mwenye macho bado hakosi pa kuanzia.

Rudi sasa kwenye kompyuta za kwetu. Mwanafunzi wa Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978, au wa Chuo cha Uhasibu Arusha kilichopo Njiro, mara nyingi ana laptopu ya mtumba iliyotoka Ulaya, prosesa ya miaka kumi iliyopita, RAM ya gigabaiti 4, diski ya kuzunguka ambayo swapu, yaani nafasi ya kuisaidia RAM ikijaa, inaisaga hadi unasikia mlio. Inawashwa asubuhi, inalazwa bila kuzimwa, inaamshwa, wiki nzima, kivinjari kina vichupo arobaini. Kwa mtu wa maabara hii ni takataka. Kwa majaribio ya kumbukumbu hii ni hali halisi: RAM iliyovurugika kwa matumizi ya kweli na nafasi ndogo isiyosamehe hesabu mbaya. Chukua compaction_test tena. Kwenye mashine yenye gigabaiti 1 tu iliyo wazi, asilimia 80 ni vipande vinane vya megabaiti 100. Kwenye seva ya terabaiti ni vipande kama elfu nane. Je, vipande vinane, vinne kati yake vikiachiwa, vinatosha kuitwa uvurugaji? Hilo ni swali halali la mkaguzi, na litamjia haraka zaidi mtu ambaye mashine yake ndiyo yenye vipande vinane.

Kuna atakayenipinga kwamba maabara inaweza kuiga mashine ndogo. Ni kweli. Unaweza kuiambia kerneli wakati wa kuwaka itumie gigabaiti 1 tu, au ukafungua mashine ya kuigiza ndani ya QEMU na kuipa kiasi unachotaka. Watu wa kazi hii wanajua hivyo vizuri kuliko mimi. Lakini mashine ya kuigiza inawaka ikiwa safi, inaendesha jaribio, inazimwa. Halafu kuna jambo la tabia: mtu huiga hali anayoifikiria. Kesi ya sifuri haikuhitaji kifaa cha ajabu. Ilihitaji mashine ya Arm iliyobanwa hadi isipate ukurasa mkubwa, na mtu anayesoma matokeo akiwa na mashaka. Miaka tisa ilipita.

Gharama ya kuanza ni ndogo kuliko inavyosemwa, na hapa ndipo majaribio yanapotofautiana na kerneli yenyewe. Anayetaka kupitia badiliko la moyo wa kerneli lazima aijenge kerneli nzima. Kwenye laptopu niliyoieleza hiyo ni kazi ya saa nyingi, na umeme ukikatika saa nane usiku, betri yenyewe imekwisha nguvu zamani. Majaribio ya kumbukumbu mengi ni programu za kawaida zinazoendeshwa juu ya kerneli uliyonayo. Unaandaa vichwa vya kerneli kwa amri moja, unajenga folda ya mm peke yake, na kwa dakika chache una kitu cha kuendesha. Kerneli yako ikiwa ya zamani, baadhi ya majaribio yatasema kipengele hiki hakipo, na hiyo nayo ni taarifa. Upande wa bando, hazina kamili ya msimbo yenye historia yote ni gigabaiti kadhaa, lakini nakala fupi yenye hali ya mwisho tu ni megabaiti mia kadhaa, ambazo mtu anaweza kuzishusha usiku kwa intaneti ya chuo. Tahadhari moja si ya hiari: majaribio haya huendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, na mengine hubana kumbukumbu hadi kerneli inaanza kuua programu. Usiyaendeshe kwenye mashine yenye tasnifu ambayo hujaihifadhi kwingine.

Kuna kipengele kimoja ambacho naona wakaguzi wageni hukiruka na wenyeji hugombana juu yake: tofauti kati ya kuanguka na kurukwa. Mfumo wa majaribio ya kerneli una namba za kutokea. Sifuri ni kufaulu, 1 ni kuanguka, 4 ni kurukwa, yaani mazingira hayakuruhusu jaribio kufanyika. Kiraka kinachobadilisha 1 kuwa 4 kinaonekana cha upole. Pengine ni sahihi: mashine haina kurasa kubwa, hakuna cha kupimwa, kuliita hilo anguko ni kumsumbua mtu bure. Pengine ni kufunika moto kwa majivu: kerneli ilitakiwa kutoa kurasa, haikutoa, na jaribio likaamua kwamba hali hairuhusu. Hakuna kanuni ya jumla. Mkaguzi inabidi aulize, je, hali hii inaweza kusababishwa na kasoro ileile tunayoitafuta? Ikiwa inaweza, basi 4 ni uongo. Katika kisa cha sifuri, mwandishi wa kiraka alichagua kuliita kosa, na nadhani alichagua sawa, kwa kuwa jaribio lenyewe lipo kupima kama kurasa zinapatikana. Programu za kukusanya matokeo huhesabu mianguko, na ni watu wachache wanaosoma orodha ya vilivyorukwa.

Wengine watasema haya ni majaribio tu, si msimbo wa kazi, kwa hiyo kiraka chake kipite haraka. Mambo mawili ya miaka ya karibuni yanawajibu. Mwezi Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alishangaa kwa nini kuingia kwenye seva kwa ssh kulikuwa kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mahali penye Linux. Mlango huo ulikuwa umefichwa kwenye mafaili yaliyodaiwa kuwa data za majaribio. Aliyeyaweka alijua kwamba hakuna anayefungua faili la majaribio kwa mashaka. Mwaka 2020, nao, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wametuma kwa kerneli viraka vidogo vyenye sura ya marekebisho lakini vyenye kasoro za makusudi, kuona kama vitapita. Ulipozuka ubishi mwezi Aprili 2021, Greg Kroah-Hartman, mtunzaji wa kerneli, alikipiga marufuku chuo hicho kizima, na viraka vyake vya zamani karibu 190 vikapitiwa upya kimoja kimoja. Vingi vilikutwa havina neno. Kazi ya kuvipitia, hata hivyo, iliwaangukia watu wasiokuwa na hatia yoyote.

Sisemi majaribio ya mm yana hatari sawa na ya xz. Mengi yameandikwa kwa C inayosomeka, hayana mafaili ya siri ya baiti, na hayaingii kwenye simu ya mteja. Hatari yake kubwa zaidi ni ile ya unyenyekevu, ya jaribio kusema ndiyo pale panapotakiwa hapana. Ila ukiona kiraka "kidogo" kinachogusa pia Makefile au hati ya run_vmtests.sh bila maelezo, hapo acha chai ipoe na usome vizuri.

Afrika Mashariki imewahi kuingia kwenye programu huria kwa mlango mwingine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ilitumia kitu tulichokuwa nacho ambacho wengine hawakuwa nacho, yaani lugha. Kerneli haina menyu wala vitufe vya kutafsiri, kwa hiyo mlango ule hapa haupo. Wachache wa kanda hii walioifikia kerneli, wakiwemo vijana wa Kenya, wameingia kwa mipango ya malezi kama Outreachy, ambayo Linux ilijiunga nayo mwaka 2013, na tangu 2019 upo pia mpango wa malezi wa Linux Foundation wenyewe. Mipango hiyo huwasukuma wanaoanza watume kiraka. Mimi ningewasukuma kwanza wakipitie cha mwingine.

Sababu ni ya kiuchumi. Viraka vya kumbukumbu vingi hupita mikononi mwa Andrew Morton na kundi dogo la watunzaji wanaomzunguka, na kinachokosekana siku zote ni muda wa macho yao. Kijana wa Sakina, hapa Arusha, anayetuma kiraka cha kusahihisha herufi moja kwenye maelezo amewaongezea kazi. Akichukua kiraka cha mtu mwingine, akakiendesha kwenye laptopu yake ya gigabaiti 4, akaandika: mashine ni hii, kerneli ni hii, kabla ya kiraka lilianguka hivi, baada yake linapita, nimeendesha mara nyingi na halikuyumba, lakini kurasa kubwa zikikosekana bado linatokea kwa 0, mtazame mstari huu, basi huyo amewapunguzia. Atapata mstari wake wa "Tested-by" ndani ya historia ya kerneli, ambayo haifutiki. Na akikosea? Kukosea katika ukaguzi hakuharibu msimbo wa mtu, mradi ameeleza alichofanya kwa namna inayoweza kurudiwa.

Ugumu uliobaki hauko kwenye mashine. Uko kwenye stahili. Afisa ajira wa Arusha akiona "Tested-by" kwenye wasifu wa mtu hajui ni nini, na hakuna sababu ya kumlaumu. Cheti cha wiki mbili chenye muhuri anakielewa. Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru, chini ya Mlima Meru, inafundisha shahada za uzamili na uzamivu peke yake, na huko mtu anaweza kuhalalisha miezi ya kazi ya namna hii kama utafiti. Vyuo vya stashahada na shahada ya kwanza havina nafasi hiyo, ila vina mafunzo kwa vitendo, na daftari lake la kila siku ambalo msimamizi hulisahihisha kila wiki, mara nyingi likiwa limejaa "leo tulifunga nyaya za mtandao". Ukaguzi wa kiraka kimoja unaingia vizuri kwenye daftari hilo, kwa sababu una vitu vya kusahihishwa: dai la mwandishi, hali ya mashine, matokeo ya kabla, matokeo ya baada, na hukumu ya mwanafunzi kwa maneno yake mwenyewe. Msimamizi hahitaji kuwa mtaalamu wa kerneli kuona kama hukumu inafuata kutoka kwenye matokeo.

Ila asiwaache watume wote kwa pamoja. Apitie yeye kwanza, achague kaguzi moja au mbili zenye jambo jipya, zingine zibaki kwenye daftari. Barua ishirini zinazofanana zikitua kwa mtunzaji siku moja kutoka chuo kimoja, atazifuta zote bila kuzisoma, na baada ya yale ya Minnesota atakuwa na haki.